Uzee si Kifungo

Katika vijiji vyetu, na mijini pia, mtu akiisha kuota mvi na wajukuu wakiisha kumzunguka, watoto wake humwekea kiti kivulini. "Baba, umechoka, kaa sasa. Mama, kazi umeifanya ya kutosha, pumzika." Maneno hayo ni ya upendo na heshima, wala hatuyalaumu. Mtoto asiyemwekea mzazi wake kiti hana adabu. Lakini yafaa tujiulize: je, kiti kile ni cha kumpumzisha mzee, au ni cha kumfunga? Maana tumewaona wazee wengi waliokuwa na nguvu siku ile walipoacha kazi. Nao baada ya miaka michache ya kukaa walishindwa hata kuteremka mtoni, au kwenda kumsalimu rafiki wa mtaa wa pili. Hawakuangushwa na ugonjwa. Kukaa ndiko kulikowaangusha.

Leo twapenda kuwapasha ninyi, wasomaji wetu, habari za jamaa moja ya nchi ya Japani, jamaa ya Miura. Babu, baba na mwana, wote walipenda milima na theluji, wakatembea pamoja hata uzeeni. Habari zao zajulikana ulimwenguni kote. Ndani yake yamo mambo ya kusifiwa, yamo na mambo ya kuogopwa, na yote mawili yana mafundisho kwa wazee, kwa wazazi na kwa wanafunzi.

Babu Keizo

Babu wa jamaa hiyo aliitwa Keizo Miura. Alizaliwa mwaka 1904 huko Aomori, upande wa kaskazini wa kisiwa kikubwa cha Japani. Nchi hiyo ina baridi kali, na wakati wa baridi theluji huanguka nyingi sana, hata kufunika njia na kufika madirisha ya nyumba. Keizo alifanya kazi ya kutunza misitu ya serikali. Mtu wa kazi kama hiyo hana budi kutembea milimani wakati wote wa mwaka, basi alijifunza kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu na nyembamba zinazofungwa miguuni, ziitwazo ski. Akaipenda kazi hiyo ya miguu, tena akachukua picha nyingi nzuri za milima ya kwao.

Alipoacha kazi ya misitu hakuiacha milima. Kila mwaka, theluji ilipoanguka, alitoka nyumbani na mbao zake. Mkewe alipofariki aliishi peke yake, naye alijipikia mwenyewe hata baada ya kupita miaka 90: wali wa mchele usiokobolewa, samaki, mwani wa baharini, na kuku aliyepikwa sana hata mifupa yake ikalainika ikaweza kuliwa. Kila asubuhi alinyosha viungo vyake, akatembea. Katika uzee huo aliwahi kuvunjika mifupa. Alingoja ipone, akaanza tena kutembea kidogo kidogo, kisha akarudi kwenye theluji.

Mwaka 1981 mzee huyo alikuja kwetu Afrika. Alikuwa na umri wa miaka 77. Alipanda Kilimanjaro, mlima wa Tanzania wenye urefu wa mita 5,895, nao ndio mrefu kuliko milima yote ya bara letu. Hakupanda peke yake: mwanawe Yuichiro alikuwa naye, na mjukuu wake Gota, mtoto wa miaka 11. Vizazi vitatu walipanda njia moja, wakala pamoja, wakalala katika baridi moja, wakateremka pamoja wakiteleza juu ya theluji ya Afrika. Wanafunzi wetu wafikiri vema jambo hilo. Ni wangapi wanaoweza kusema, "Babu yangu na mimi tulipanda pamoja mlima mkubwa wa Afrika"? Mtoto yule hakuhitaji kuambiwa katika kitabu kwamba uzee si mwisho wa nguvu. Alikuwa amekwisha kuuona mgongo wa babu yake ukimtangulia njiani.

Mwana aliyechoka

Yuichiro, mwana wa Keizo, alizaliwa mwaka 1932. Katika ujana wake alipata sifa kubwa. Mwaka 1970 aliteremka kwa ski kutoka mahali penye urefu wa mita 8,000 hivi katika mlima Everest, huku mwavuli wa kitambaa umefungwa mgongoni ili kupunguza mbio. Alianguka, akateleza kwa muda mrefu, akasimama karibu na ufa mkubwa wa barafu ambao ungalimmeza. Filamu iliyotengenezwa kwa habari hiyo ilipata tuzo la Oscar huko Marekani. Lakini sifa hiyo iligharimu roho za watu: Washerpa 6, wenyeji wa milima ya Nepal waliokuwa wakifanya kazi katika safari hiyo, waliangukiwa na barafu wakafa. Yafaa watu hao nao wakumbukwe, maana mara nyingi jina la bwana huandikwa, na jina la mpagazi husahauliwa.

Baada ya miaka mingi ya namna hiyo, Yuichiro alichoka. Alipopita miaka 60 alijiona kuwa amemaliza kazi yake duniani. Akaacha mazoezi, akala na kunywa kama apendavyo, akanenepa mno. Damu yake ikawa na nguvu kupita kiasi, na mapigo ya moyo wake yakaharibika. Siku moja alijaribu kupanda kilima kilicho karibu na mji wa Sapporo, chenye urefu wa mita 531 tu, naye akashindwa kufika juu. Mtu aliyeshuka Everest alishindwa na kilima ambacho watoto hukipanda kwa mchezo!

Basi alitazama huku na huku katika jamaa yake. Upande mmoja alimwona baba yake, mzee aliyekuwa amepita miaka 90, akijizoeza kwa bidii, maana alitaka kushuka kwa ski katika milima ya Mont Blanc, huko Ulaya, atakapotimiza miaka 99. Upande wa pili alimwona mwanawe Gota, ambaye mwaka 1994 na mwaka 1998 aliiwakilisha nchi yake kwa ski katika Michezo ya Olimpiki. Yeye alikuwa katikati, kati ya baba na mwana, na yeye peke yake ndiye aliyekaa. Jambo hilo lilimwingia moyoni. Alipokuwa na umri wa miaka 65 aliazimu kupanda Everest hata kileleni atakapokuwa na miaka 70.

Tazameni jinsi alivyoanza. Hakukimbilia mlima. Alianza kwa kutembea mjini, amefunga vitu vizito kidogo miguuni na kubeba mfuko mgongoni. Mwanzoni mzigo ulikuwa mdogo; mwili ulipouzoea, akauongeza. Alifanya hivyo muda wa miaka mitano. Haba na haba hujaza kibaba, nao mwili wa mzee hujengwa vivyo hivyo. Anayetaka kuujaza kwa siku moja huuvunja.

Mwaka 2003

Mwaka 2003 ulikuwa mwaka wa furaha kuu kwa jamaa hiyo. Mwezi wa Februari, mzee Keizo, mwenye miaka 99, alishuka kwa ski katika bonde la barafu liitwalo Vallée Blanche, karibu na Mont Blanc, akiwa pamoja na watu wa jamaa yake. Na mwezi wa Mei, tarehe 22, Yuichiro alifika kileleni pa Everest, na mwanawe Gota akiwa pamoja naye. Alikuwa na miaka 70 na siku 222. Siku ile hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyefika pale akiwa na umri mkubwa kuliko wake.

Wasomaji wengine watauliza, "Everest ni mlima gani hasa?" Mwaka 2020 ulipimwa tena, ukaonekana kuwa na urefu wa karibu mita 8,849. Sisi tunao Ruwenzori, unaosimama mpakani mwa Kongo na Uganda, wenye urefu wa mita 5,109, na wanaoupanda husema kwamba kifua chabana na kichwa chauma. Everest waupita Ruwenzori kwa zaidi ya mita 3,700. Kileleni pale hewa ni nyembamba sana. Kila mtu apumuapo hupata kama theluthi moja tu ya oksijeni aipatayo aliye pwani ya bahari. Ndiyo maana wengi hubeba mitungi ya oksijeni, na ndiyo maana wengi wamekufa huko.

Mwaka uliofuata Keizo alitimiza miaka 100. Alisherehekea kwa kushuka kwa ski huko Marekani, katika milima ya Utah, na vizazi vinne vya jamaa yake walishuka pamoja naye: yeye mwenyewe, mwanawe, wajukuu na vitukuu. Alifariki mwanzo wa mwaka 2006, akiwa na miaka 101.

Kazi ya mzee ni nusu ya siku

Yuichiro hakuishia hapo. Moyo wake uliendelea kumsumbua, na waganga walimtibu mara mbili kwa sababu ya mapigo yasiyo sawa. Hata hivyo tarehe 26 Mei 2008, akiwa na miaka 75, alifika tena kileleni. Safari ile mwanawe Gota ndiye aliyeshikwa na ugonjwa wa milimani, maji yakamwingia mapafuni, ikambidi ashuke ili apone. Basi mlima hautazami mvi wala ujana. Kijana hodari aliugua, na mzee aliyetibiwa moyo akapita.

Mwaka 2009 Yuichiro alianguka kwenye theluji akavunjika nyonga. Watu wengi walidhani sasa amekwisha. Alilala kitandani muda mrefu, kisha akaanza tena na hatua fupi fupi. Mwezi wa Januari mwaka 2013 waganga walimtibu moyo tena. Na tarehe 23 Mei mwaka huo huo alisimama kileleni pa Everest kwa mara ya tatu, akiwa na miaka 80, na Gota akiwa karibu naye. Kutoka kule juu alipiga simu kwao Japani, akasema na jamaa yake.

Aliwezaje? Twapenda kulieleza jambo hilo vizuri, maana ndani yake imo hekima ambayo kila nyumba yaweza kuitumia. Yeye na mwanawe walifuata neno moja la Kijapani, lisemalo kwamba kazi ya mzee ni nusu ya siku. Safari ambayo vijana huimaliza kwa siku moja, wao waliigawa kwa siku mbili. Walitembea asubuhi, na baada ya chakula cha mchana wakapumzika. Waliongeza pia kituo cha hema karibu na kilele, mahali penye mita 8,500 hivi, ili siku ya mwisho isiwe ndefu kupita nguvu za mzee. Huko juu, katika baridi ya kutisha, walikaa hemani wakala chakula cha kwao na kunywa chai ya Kijapani. Gota, aliyekuwa kijana mwenye nguvu, hakumwambia baba yake, "Fanya haraka." Alizipunguza hatua zake ili zilingane na hatua za baba.

Hiyo ndiyo siri ya kutembea pamoja na wazee. Wengi wetu twadhani kwamba mzee ana njia mbili tu: ama afanye kazi kama kijana, ama akae kabisa. Kumbe iko njia ya tatu, nayo ni kufanya jambo lile lile kwa kipimo chake. Shamba lililolimwa na kijana kwa siku mbili, babu alilime kwa siku nne. Njia ya saa moja aiende kwa saa mbili, akikaa chini ya mti katikati ya safari na kuwasimulia wajukuu majina ya majani na ndege. Mwenda pole hajikwai. Tena mwenda pole huona mengi kuliko mwenye mbio.

Mlima una meno

Lakini tusiwadanganye wasomaji kwa kusifu tu. Ushujaa usio na akili huua. Katika siku zile za mwaka 2008, siku moja tu kabla ya Yuichiro, mzee mmoja wa Nepal, jina lake Min Bahadur Sherchan, alifika kileleni pa Everest akiwa na miaka 76. Yeye alikuwa mkubwa kuliko Yuichiro, akatwaa sifa. Mwaka 2013 Yuichiro alipofika kwa miaka 80, sifa ilihamia Japani. Mzee Sherchan alitamani kuirudisha. Mwaka 2017, mwenye miaka 85, alikwenda tena mlimani, akafariki tarehe 6 Mei katika kambi iliyo chini ya mlima, hata kupanda hakujaanza.

Yuichiro mwenyewe, aliposhuka mwaka 2013, nguvu zilimwishia kabisa. Alipofika mahali penye mita 6,500 hakuendelea kwa miguu. Helikopta ilikuja kumchukua. Tusisahau kwamba jambo hilo liligharimu fedha nyingi, na kwamba Washerpa wengi walibeba mizigo yake na kutengeneza njia kwa hatari ya maisha yao. Mtu wa kawaida hana vitu hivyo, wala hana haja navyo. Kwa hiyo hatusemi, "Wazee, nendeni Everest." Twasema kwamba kila mtu ana kilima chake, na kila mzee apime kilima chake kwa moyo wake na mapafu yake, wala si kwa sifa za jirani.

Liko jambo lingine tunaloliheshimu kuliko kupanda kule kwote. Mwezi wa Januari mwaka 2019 Yuichiro, mwenye miaka 86, alikwenda Amerika ya Kusini ili kupanda Aconcagua, mlima wa mita 6,961. Alifika mahali penye mita 6,000 hivi. Hapo mganga aliyefuatana naye alimchunguza akaona moyo wake umo hatarini, akamwambia asiendelee. Mzee alitaka sana kwenda. Lakini mwanawe Gota alisema naye, naye akakubali kushuka. Gota akaendelea akafika kileleni kwa niaba ya jamaa yao.

Wazazi, lifikirini jambo hilo. Mtu aliyezoea kushinda, aliyesifiwa na nchi yake yote, alisikia maneno ya mganga na ya mtoto wake, akarudi nyuma. Kupanda kwahitaji nguvu, lakini kukubali kushuka kwahitaji moyo mkubwa zaidi. Na mwana naye alitimiza wajibu mgumu. Kumheshimu baba si kumwambia "ndiyo" katika kila neno. Kuna saa ambapo heshima ya kweli ni kusema kwa upole, "Baba, tumefika. Wewe pumzika hapa; kilichobaki nitakutimizia mimi."

Kiti kilichopanda mlima

Mwaka 2020 Yuichiro alipatwa na maradhi mabaya. Damu ilivuja shingoni ndani ya mfupa wa mgongo, ikabana mishipa, na mwili wake ukapooza kwa sehemu. Alikaa hospitalini miezi mingi, akijifunza upya kusimama na kutembea kama mtoto. Yule aliyesimama mara tatu juu ya dunia sasa alihitaji fimbo na kiti cha magurudumu.

Je, jamaa yake walimfungia ndani? Hapana. Mwisho wa mwezi wa Agosti mwaka 2023, mzee akiwa na miaka 90, mwanawe na rafiki zake walimpandisha mlima Fuji, mlima mrefu kuliko yote ya Japani, wenye mita 3,776. Walimweka katika kiti cha magurudumu kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, nao wakakivuta na kukisukuma kwa zamu muda wa siku tatu, hata kileleni. Zamani yeye ndiye aliyemwongoza mtoto wa miaka 11 juu ya Kilimanjaro. Sasa mtoto yule, mtu mzima mwenye zaidi ya miaka 50, alimpandisha baba yake. Hatujui namna bora ya mtoto kumrudishia mzazi wema wake.

Basi hata kiti chaweza kutoka nje. Mgonjwa, kipofu, mwenye miguu iliyokufa, wote wahitaji kuona jua likizama ziwani, kunusa mvua ya kwanza, kusikia vicheko vya watoto wanaocheza. Kama hawezi kwenda, na apelekwe.

Si mambo ya wanaume tu

Akina mama wasidhani kwamba habari hizi ni za wanaume peke yao. Huko Marekani aliishi mama mmoja jina lake Emma Gatewood, mkulima wa jimbo la Ohio. Alikuwa amezaa watoto 11 na kuwalea kwa taabu, tena mumewe alikuwa akimpiga vikali, hata wakatengana. Mwaka 1955, akiwa na miaka 67 na wajukuu wengi, aliwaambia watoto wake kwamba anakwenda kutembea. Kumbe alikwenda kuifuata njia ndefu ya milima ya Appalachian, yenye kilomita 3,300 hivi. Alivaa viatu vya kitambaa, akabeba mfuko alioushona mwenyewe, wenye blanketi na vitu vichache. Alitembea peke yake siku 146, akafika mwisho. Hakuna mwanamke mwingine kabla yake aliyeimaliza njia hiyo yote peke yake kwa safari moja. Baadaye aliirudia.

Lakini hapa twapenda kusema neno moja kwa ajili ya bibi zetu. Wengi wao hawakai kivulini hata siku moja. Hubeba kuni na maji na mihogo migongoni, kamba imekaza kipaji cha uso, hata katika uzee. Mtu asije akasoma habari za wazee wa Japani, akamwambia mama yake, "Ongeza mzigo, utapata afya." Kubeba mzigo kwa kulazimishwa na njaa si sawa na kutembea kwa furaha. Mama kama huyo hahitaji mlima. Ahitaji wana na wajukuu wamtwalie kuni zake, kisha wamwambie, "Bibi, leo twende mikono mitupu, utuonyeshe mahali ulipozaliwa."

Waganga wasemaje?

Misuli ya mwanadamu huanza kupungua polepole akiisha kufika umri wa kati, na ikiachwa bila kazi hupungua upesi zaidi. Lakini yaweza kuamshwa, hata kwa walio dhaifu. Mwaka 1990 waganga wa Boston, Marekani, walitangaza habari za wazee 10 wenye umri wa miaka 90 hivi, waliokaa katika nyumba ya kutunzia wazee. Kwa wiki 8 walizoezwa kuinua vitu vizito kwa miguu, chini ya uangalizi. Waliomaliza mazoezi hayo, nguvu za miguu yao ziliongezeka zaidi ya maradufu, na wawili kati yao wakaacha fimbo zao.

Shirika la Afya Duniani lawashauri watu wazima, na wazee pia, kutembea au kufanya kazi nyingine ya mwili ya kadiri kwa dakika 150 au zaidi kila wiki. Kwa siku tano ni nusu saa kila siku. Nani asiyeweza kuipata? Kwa wenye miaka 65 na zaidi lawashauri pia, siku tatu kila wiki, mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara, ili wasianguke ovyo. Na asiyeweza kutimiza yote afanye kiasi awezacho, maana kidogo ni bora kuliko kukaa tu.

Na sisi, tufanye nini?

Kwanza, mzee anayetaka kuanza, hasa mwenye ugonjwa wa moyo, wa damu au wa sukari, na amwone mganga kabla ya kuanza. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, pumzi kukatika: hayo ni maneno ya mwili, nayo yasikilizwe mara moja.

Pili, tuanze na kilima kidogo. Mzunguko wa mtaa, kisha njia ya mtoni, kisha kilima cha nyuma ya shule. Tuchague njia iliyo salama na saa ya baridi, asubuhi au jioni. Tuchukue maji, kofia na fimbo nzuri.

Tatu, tusimwache mzee aende peke yake. Angalau mara moja kwa wiki, jamaa yote watoke pamoja. Tena mzee atangulie. Akitangulia yeye, mwendo utakuwa wa kipimo chake, wala hakuna atakayeachwa nyuma. Vijana wakitangulia, mzee atajiona mzigo, na juma lijalo atakataa kutoka.

Nne, mzee naye asifiche hali yake kwa ajili ya haya. Akichoka aseme, "Nimechoka." Kama Yuichiro alikubali kushuka Aconcagua, hakuna aibu kwa mtu kurudi nyumbani kabla ya kufika alikokusudia.

Ninyi wanafunzi, ambao mwajua ramani na majina ya milima yote ya dunia, ombeni likizo ijayo jambo moja. Msiombe pesa wala nguo. Mwombeni babu au bibi awapeleke kwa miguu mahali alipochunga mbuzi utotoni, au kijito alichovulia samaki, au njia aliyoipita siku ya kwanza alipokwenda shule. Bebeni ninyi chakula na maji. Pimeni hatua zenu kwa hatua zake. Ulizeni majina ya vilima, kwa kuwa mengi hayamo katika ramani zenu. Yamo kichwani mwake tu, naye hatakuwa pamoja nanyi siku zote.